Herufi ya Arobaini na Moja

Kwetu milimani mtu aliyebeba habari mbaya haitoi mlangoni. Anakaribishwa, anapewa kigoda, anapewa maji ya kunywa. Anauliza habari za mvua, habari za ng'ombe, habari za mtoto aliyekuwa na surua. Mwenye nyumba anajibu yote huku moyo unamdunda, maana ameshajua kwamba mgeni wa saa hiyo hakuja bure. Lile neno lenyewe linatoka mwisho kabisa, wakati watu wote wameketi na hakuna wa kuanguka. Hiyo ndiyo heshima niliyolelewa nayo. Niliitia ndani ya mashine, na mashine ikamuua kaka yangu.

Haya, nimesema. Sasa nitaeleza, na mtu asinikatize.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya themanini. Kampuni moja ya kuchimba vito ilikuwa na mashimo kule Kishushe na karakana hapa Voi, nyuma ya stesheni ya reli. Mimi nilikuwa fundi wa mitambo yao ya umeme. Nilikuwa nimetoka chuo na cheti changu, nikapelekwa ng'ambo kozi ya miezi mitatu, nikarudi nimevimba kichwa hata kofia hainiingii. Nilijihesabu mtu pekee katika wilaya nzima ya Taita Taveta aliyejua kuandika programu kwa lugha ya C. Labda ilikuwa kweli. Hakuna aliyebisha, maana hakuna aliyejua C ni nini.

Mashimo ya Kishushe yalikuwa na adui mmoja, maji. Mvua inanyesha milimani, na wewe uko Kishushe juani unachimba, jasho linakutoka, wala huna habari. Maji yanashuka kwenye laga, ule mto wa mchanga ambao karibu mwaka mzima watu wanauvuka bila kuvua viatu. Yanapenya chini kwa chini na kutokea kwenye ukuta wa shimo, wewe ukiwa ndani. Pampu kubwa ilikuwa moja tu, imefungwa kwenye trela la trekta. Kwa hiyo jambo la kujua lilikuwa moja, nalo lijulikane mapema, ili trekta ielekee huko. Si maji mangapi, si saa ngapi. Shimo gani.

Nikatengeneza kidude. Kila shimo niliweka boya chini kabisa, na waya ukatoka kwenye boya mpaka kambini, kwenye sanduku lililokaa mezani kwa karani. Ndani ya sanduku mlikuwa na chipu moja, kompyuta nzima katika kipande cheusi cha urefu wa kidole. Boya likielea, king'ora kinalia na printa ndogo inatoa mstari mmoja wa maneno kwenye karatasi yenye upana wa herufi arobaini. Karani anasoma namba ya shimo, anapiga kengele ya trekta, trekta inakwenda. Kazi imeisha.

Nyinyi wa leo mnaotembea na simu mfukoni hamwezi kuelewa umaskini wa chipu ile. Kumbukumbu yake ya kufanyia kazi ilikuwa na nafasi mia moja ishirini na nane, na kila nafasi inabeba herufi moja tu. Humo humo ihesabu muda, humo humo ikumbuke hali ya kila shimo, na humo humo mimi nishone mstari wangu. Nasema kushona kwa sababu ndivyo ilivyo. Maneno yako tayari, lakini namba inatoka kwenye boya wakati huo huo. Inabidi igeuzwe kuwa herufi, itiwe mahali pake, kipande kiungwe na kipande mpaka uwe mstari mmoja. C ina amri yake ya kufanya hayo, inaitwa sprintf, lakini ile amri ni mlafi na ingekula chipu yote. Nikaandika ya kwangu, ndogo.

Siku za kwanza mstari ulikuwa ukizidi nafasi niliyoupa unamwagikia kwa jirani na kufuta hesabu za mashimo. Mara moja king'ora kililia bila kukoma mpaka nikang'oa waya. Nikatia kinga: herufi ya arobaini ikishaingia, kata, na kinachobaki nyuma kitupwe. Niliipenda sana ile kinga yangu. Kando yake niliandika maelezo kwa Kiingereza kwamba hapa pako salama.

Karani wa kambi alikuwa mama wa Kiislamu wa hapa Voi, ukoo wake wa pwani, karibu astaafu. Tangu miaka ya sitini alikuwa opereta wa simu, mtu wa kuchomeka waya hapa na kuchomoa pale, mpaka mitambo ikabadilishwa na yeye akaachwa. Alivaa miwani mizito na alizungumza Kiswahili kilichonyooka, kila neno mahali pake, si hiki chetu cha kuokota njiani. Nilimchukia tangu siku ya kwanza. Sababu ni ndogo hata naona haya kuitaja: alinisahihisha mbele ya watu.

Mstari wa kwanza niliouandika ulisema hivi: HUJAMBO. MAJI YAMO SHIMO 3. Salamu kwanza, neno baadaye, kama nilivyolelewa. Nilikuwa nawaonyesha wachimbaji, nao wanashangilia mashine yenye adabu. Yule mama akainama, akasoma, akavua miwani akaifuta.

"Mwanangu, namba itangulie," akasema. "Sisi kwenye simu ndivyo tulivyofunzwa. Namba kwanza, uirudie, ndipo maneno mengine. Laini ikikatika, namba imeshafika."

"Mama, hii si ile simu yenu ya kukoroga. Hii haikatiki."

"Hakuna kisichokatika, baba."

"Na adabu je? Mtu aamkiwe kwa mafuriko? Na nyinyi watu wa pwani ndio mnaojisifu kwa salamu!"

"Salamu ni za watu," akasema polepole. "Hiki ni king'ora."

Wachimbaji wakacheka, na mimi nikaona wananicheka mimi. Hata leo sijui walimcheka nani. Lakini siku ile niliapa moyoni kwamba namba haitatangulia ng'o, hata dunia ipinduke.

Halafu akaja meneja. Huyu alikuwa mtu wa kuketi kwenye kiti kama kwamba kiti kimemkosea. Akachukua karatasi, akasoma HUJAMBO, akanitazama. "Hujambo nani? Mimi na mashine yako tulilala kitanda kimoja?" Akataka aitwe Bwana Meneja, kwa ukamilifu, kila mara mashine inapofungua mdomo. Ningeweza kusema nafasi ni ndogo. Sikusema. Nilikubali kwa furaha, maana nilijua yule mama atachukia. Mstari ukawa: HUJAMBO, BWANA MENEJA. MAJI YAMO SHIMO 3. Nikahesabu kwa ncha ya kalamu, na nukta na mapengo yake, kwa mashine yote hayo ni herufi. Arobaini kamili, haipungui haizidi. Mashimo yalikuwa tisa wakati ule, na mimi niliona mstari umezaliwa utoshee hivyo.

Sikumwacha mama wa watu hapo. Sandukuni palikuwa na kitufe ambacho karani anabonyeza kuonyesha kwamba amesoma. Nikaongeza kwamba mashine imjaribu mara kwa mara kwa mlio mdogo, na asipobonyeza ndani ya dakika moja, iandike KARANI AMELALA. Nikapanga mlio mmoja uwe alasiri, saa ile ile anapoondoka mezani kwenda kuswali. Nilijua. Nilipanga kwa makusudi, nikikaa karakanani Voi nacheka peke yangu. Kila siku karatasi ilitoka na maneno yale, na meneja aliyakata kwa mkasi na kuyabandika ukutani, moja juu ya jingine. Yule mama hakulalamika kwangu hata siku moja. Mara moja tu aliniuliza, "Mwanangu, mimi nilikukosea nini?" Nikamwambia aiulize mashine.

Sasa nimtaje kaka yangu. Alikuwa mkubwa wangu kwa miaka saba, na ndiye aliyenibeba mgongoni kwenda shule mwaka nilioumia mguu, kupanda na kushuka mlima, mvua na jua. Yeye mwenyewe shule hakumaliza. Nilipopata kazi nilimwombea nafasi kule Kishushe, akawa mchimbaji. Alijivunia kidude changu kupita kiasi. Aliwapeleka wenzake kambini kulitazama sanduku, anasema, "Hiki kimetengenezwa na mdogo wangu. Kinatulinda." Mimi najifanya sisikii, kumbe masikio yote yako pale.

Mwaka ule kampuni ikachimba mashimo matatu mapya, la kumi, la kumi na moja na la kumi na mbili. La kumi na mbili lilikuwa ng'ambo ya laga, karibu sana na mchanga wake, na wachimbaji wakalikataa. Kaka yangu akasema yeye ataingia. Aliwaambia mbele ya meneja, "Nyinyi mnaogopa nini? Si mashine ya ndugu yangu iko?" Akaingia yeye na mwenzake mmoja wa kuvuta ndoo juu.

Nikatakiwa nibadilishe programu. Nilikwenda kambini kuchukua vipimo vya waya, na yule mama akaniita pembeni.

"Mwanangu, hilo sanduku lako litaweza kuandika kumi na mbili?"

"Mama, linajua kuhesabu kukushinda wewe."

"Sikuulizi kuhesabu. Nakuuliza kuandika. Namba imekuwa ndefu."

Ala! Nilikasirika. Aliuliza swali sahihi, kwa maneno sahihi, mama ambaye hajawahi kuona mstari mmoja wa C. Nikamwambia akaangalie miwani yake kwanza, mimi aniachie mashine.  Nikarudi Voi.

Chipu zile zilikuwa na kidirisha cha kioo mgongoni, na ili ufute programu ya zamani unaiweka kwenye mwanga mkali. Wenzetu wa ng'ambo wana taa maalum. Mimi nilikuwa na jua la Voi na mabati ya karakana, na baada ya wiki moja chipu inakuwa tupu. Nilikuwa na mbili zilizofutwa. Nikafungua programu, nikatafuta tisa, nikaandika kumi na mbili. Nilibadilisha hiyo namba moja tu. Lori la chakula lilikuwa linaondoka asubuhi ile, na mimi sikutaka kuvunjwa mgongo na barabara ya Kishushe kwa ajili ya namba moja. Nikaijaza chipu programu hiyo, nikaifunga kwenye gazeti, nikampa dereva aende akaichomeke kama nilivyomfundisha. Sikuijaribu. Herufi arobaini zilikuwa zimekwisha, nami nilikuwa nimeongeza ya arobaini na moja.

Wiki tatu zikapita bila kitu. Halafu siku moja, karibu saa saba mchana, redio ya karakana ikaita. Alikuwa yule mama. Hakuniamkia.

"Kumi na mbili," akasema. "Narudia, kumi na mbili. Maji. Kaka yako yumo na ukuta umemshika miguu. Mwenzake ameita kutoka ng'ambo. Laga imejaa, trekta haivuki. Kamba ya kambi ni fupi. Leta kamba ndefu na watu."

"Trekta ilikwenda wapi?" nikauliza.

"Shimo la kwanza," akasema. "Karatasi iliandika moja."

Sikuhitaji kuambiwa zaidi. Nilihesabu kwa vidole palepale nimeshika redio, na vidole vikaisha kwenye moja. Ile mbili ilikuwa imetupwa, na kinga yangu ndiyo iliyoitupa. Wakati laga bado ni kavu, trekta ilikwenda upande mwingine na kulikuta shimo la kwanza halina hata tone, na ilipogeuka, laga ilikuwa imeshafika kifuani mwa mtu.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo ninapotaka mnichukie. Kamba ndefu ilikuwa ukutani karakanani. Landrova ilikuwa nje. Nikaita watu wanne, wakaitupa kamba ndani, dereva akawasha. Mimi nikawaambia wangoje. Nikaingia ndani, nikafunga mlango, nikawasha kompyuta. BWANA nikaifupisha ikawa BW. na nukta yake, herufi mbili zikapungua. Ikatosha. Nikaisubiri programu itafsiriwe kwa lugha ya chipu, na kompyuta za wakati ule zilikuwa nzito, unaona taa inamulika, inazima, inamulika. Nikaijaza ile chipu ya pili, na yenyewe ilitaka dakika zake. Dereva alikuwa anapiga honi. Mmoja wa watu akaja akagonga dirisha akapiga kelele, "Ndugu yako anakufa, wewe unafanya nini humo?" Nikamjibu natafuta vifaa. Saa ya ukutani ilikuwa mbele yangu. Zilikwisha dakika ishirini na tano.

 Tulifika jua limeanza kulegea, na watu wote wa kambi walikuwa kwenye laga, hata yule mama, amesimama kwenye tope mpaka magoti, buibui lake limelowa. Wanne wakashuka na kamba. Mimi nikasema napita ofisini kwanza. Ofisi ilikuwa tupu. Nikaikuta karatasi bado iko kwenye printa: HUJAMBO, BWANA MENEJA. MAJI YAMO SHIMO 1. Nikaichana, nikaitia mfukoni. Nikang'oa chipu ya zamani, nikachomeka mpya. Kisha nikaenda kwa kaka yangu.

Walikuwa wameshavuka kwa kamba. Yule mwenzake wa kuvuta ndoo alikuwa amekaa kando ya shimo, miguu inaning'inia, na hakuinuka nilipofika. Akasema kaka yangu amenyamaza sasa hivi tu. Akasema maji yalipofika shingoni bado alikuwa anazungumza, anamtuliza yeye aliyekuwa juu. "Alisema tusiwe na wasiwasi," akaniambia. "Alisema mashine ya mdogo wake imeshawaambia, wako njiani." Sasa hivi tu. Dakika ngapi, sikumwuliza. Nilikuwa nazo mimi, ishirini na tano.

Siku ya tatu akaja ofisa wa polisi kutoka Voi, tukaketi ofisini, yeye, meneja, yule mama na mimi. Mama akaeleza kama alivyoona: king'ora kililia, karatasi ikaandika moja, akabonyeza, akapiga kengele ya trekta. Akaulizwa karatasi iko wapi. Akasema aliiacha kwenye printa alipokimbilia laga. Nikaulizwa mimi. Nikasema mashine haikosei, twendeni tuijaribu. Nikagusanisha waya za shimo la kumi na mbili mbele yao wote. Printa ikatoa mstari: HUJAMBO, BW. MENEJA. MAJI YAMO SHIMO 12.

Mama akainama, akasoma, miwani karibu iguse karatasi.  Kisha akasema, "Siku ile iliandika BWANA. Leo inaandika BW."

"Mama," ofisa akamwambia, "mtu amekufa, na wewe unatuletea habari za mabwana?"

Meneja akaivuta karatasi. Huyu ndiye aliyedai jina lake liandikwe lote, na hakuna mtu duniani angeona upesi kuliko yeye kwamba amekatwa. Akasoma mara mbili. Akaniinulia macho, na nikaona ameelewa, si yote, lakini ya kutosha. Akaikunja karatasi, akamwonyesha ofisa ukuta uliojaa vipande vya KARANI AMELALA. "Huyu tunamjua," akasema. "Ni mzee, haoni, na analala kazini." Ofisa akaandika. Mimi nilikuwa nimekaa karibu na yule mama hivi, nasikia pumzi yake, na alikuwa ananitazama mimi peke yangu. Alikuwa ananingoja. Nikatazama sakafu.

Hakushtakiwa. Alifukuzwa tu, na habari ikaenea kutoka Kishushe mpaka Voi kwamba karani kipofu alisoma kumi na mbili akaona moja.

Kaka tulimzika nyumbani, juu ya Mraru. Yule mama akaja. Nani angedhani atakuja? Alipanda mlima kwa miguu na wanawake wawili wa kwao, wamejitanda leso, mikononi wana kikapu cha mchele na sukari, kama inavyopasa kwa wafiwa. Mama yangu alipoambiwa ni nani, aliinuka kwenye mkeka. Mama yangu alikuwa mtu wa kanisa, sauti yake hata ukali haukuwa nayo. Siku ile alipiga kelele mpaka mchungaji akafunga kitabu. "Macho hayo yaliyomwua mwanangu," akasema, "yazime! Yazime kabisa, usione hata mkono wako!" Akakipiga teke kikapu, mchele ukamwagika.

Nilikuwa nimemshika mama yangu mkono. Yule karani akanigeukia.  Alikuwa ananipa nafasi, kwa mara ya pili, mbele ya watu wote na kaka yangu yumo ndani ya sanduku. Ningesema neno moja tu, namba tu. Nikamwambia, "Nenda, mama. Usituzidishie uchungu." Wanawake wake wakaanza kuokota mchele, yeye akawaambia waache. Wakashuka.

Miaka michache baadaye nikasikia macho yake yamezimika kweli. Mtoto wa jicho, walisema, na kwa miwani ile nani angeshangaa? Lakini habari ilimfikia mama yangu, na mama yangu akapiga magoti akamshukuru Mungu kwa kusikia ombi lake. Nilikuwa nimekaa meza moja naye, nakunywa chai yake. Nikamwongezea maziwa.

Karatasi niliificha ndani ya kitabu cha C. Nilijiambia nitasema, lakini si sasa, mama ana presha. Si sasa, mama amevunjika nyonga. Hivyo hivyo, mwaka unaingia mwaka unatoka, mpaka mama akafa kitandani kwake akiamini alichokiamini. Mwezi mmoja baada ya kumzika nikakitoa kitabu, nikateremka Voi.

Alikuwa anakaa kwa binti yake, chumba cha uani. Nikapiga hodi, nikasema shikamoo, akaniitikia marahaba, na akanijua kwa sauti. Nikapewa kiti na maji ya kunywa. Nikamwuliza habari za afya. Nikamwuliza habari za wajukuu, habari za maji ya mfereji, kama siku hizi yanatoka. Alijibu yote, uso umeelekea mlangoni, vidole vinazungusha tasbihi. Nikauliza habari za joto.

"Mwanangu," akasema, "namba kwanza."

 "Kumi na mbili," nikasema. "Iliandika moja. Mbili niliikata mimi. Karatasi niliiba mimi, ninayo hapa."

Akanyoosha mkono, nikamwekea. Akaipapasa kwa kidole gumba kutoka mwanzo mpaka mwisho, alipofika mwisho akarudi mwanzo.

"Nilijua siku ile ile," akasema. "Nilihesabu hizi herufi kabla ya kukuita kwenye redio. Nikasema, atakuja mwenyewe aseme. Nikakungoja ofisini. Nikakungoja msibani."

"Mbona hukunitaja?"

"Nani angenisikiliza? Wewe ndiwe uliyekuwa na mashine." Akarudisha vidole kwenye tasbihi. "Mamako hajambo? Umemwambia?"

Nikamwambia mama tulimzika mwezi uliopita.

Tasbihi ikasimama. Nje mtu alikuwa anatwanga kitu kwenye kinu, du, du. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Nilikuwa nimejiandaa hata kwa msamaha, Mungu anilaani, nilikuwa nimeshapanga jinsi nitakavyolia.

"Ulimngoja afe," akasema.

 Akaikunja karatasi vizuri, mara mbili, akaishika kuelekea mahali aliposikia pumzi yangu.

"Chukua karatasi yako," akasema. "Mimi sina macho ya kuisoma, na aliyekuwa nayo umeshamzika."